Anayebisha Hodi Ajitaje Kwanza

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wetu, na akina mama na dada mnaotusikiliza kutoka upande wenu: ninaiusia nafsi yangu kabla ya zenu tumche Mwenyezi Mungu. Tumche mbele za watu, na tumche zaidi tunapokuwa peke yetu. Siku hizi upweke wetu mwingi tunaupitisha mbele ya kioo cha simu au cha kompyuta, usiku, watu wamelala, hakuna wa kumgeukia na kumuuliza. Mawaidha ya leo ni juu ya jambo linalotokea hapo.

Nyumba nyingi hapa Isiolo sasa zina kompyuta. Ilinunuliwa kwa sababu binti amepata nafasi ya chuo, au kijana alirudi nayo kutoka Nairobi. Basi kompyuta hiyo moja, iliyo sebuleni Bulla Pesa au Kulamawe, imekuwa ya ukoo mzima. Baba anaombea pasipoti kwenye eCitizen. Binti anafuatilia mkopo wake wa HELB. Mama anayekusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Eastleigh anatazama kama benki imepokea pesa. Mjomba ana barua pepe ya wakala wa kazi za Ghuba. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na sisi tulio kilomita karibu 280 kutoka Nairobi tukapunguziwa safari, nauli na usumbufu wa kulala mjini. Hiyo ni neema, na kila neema inataka ilindwe.

Tazameni sasa jambo lenyewe lilivyo. Binti anasoma, mara ukurasa unafunika kioo chote. Juu pana ngao nyekundu. Maandishi makubwa yanasema akaunti yenu imefungwa kwa sababu za usalama na mthibitishe sasa hivi. Chini yake saa inahesabu kurudi nyuma: dakika tano, nne na sekunde hamsini na tisa, hamsini na nane. Spika zinalia kama king'ora. Kuna nambari ya simu, na kuna kitufe kimoja kikubwa. Cha kufungia ukurasa hakionekani. Mtoto anaita, "Mama, kompyuta inasema tumeibiwa!" Mama anatoka jikoni mikono ina unga, anaipiga ile nambari. Anayepokea ana adabu, anamwita mama, anamtuliza, anamwambia yuko kitengo cha usalama na ataokoa pesa zake. Anachoomba ni kidogo tu: zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake muda huu. Mama anazisoma moja moja. Wanapomaliza kuzungumza, akaunti ina mwenyewe mpya.

Mwizi hakuvunja kitu. Aliomba, akapewa. Zile tarakimu sita zilikuwa kufuli ya mwisho: benki au kampuni ilizituma kwa sababu kuna mtu alikuwa anajaribu kuingia kwa nywila ya mama, na mtu huyo ni huyo huyo aliye kwenye simu. Anatia hofu kwanza, kisha haraka, kisha ombi dogo. Huo ndio mtaji wake wote.

Ndugu zangu, dini yetu ilitufundisha adabu ya mlango kabla ya mitambo hii kuwepo. Katika Surat an-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe; na tukiambiwa turudi, turudi. Na anayebisha ana wajibu mwingine pia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Jabir bin Abdillah, Allah amridhie, alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa sababu ya deni alilokuwa nalo baba yake. Akabisha. Mtume akauliza ni nani. Jabir akajibu kuwa ni yeye, bila kutaja jina. Mtume akalirudia neno lile la "mimi" kana kwamba halikumpendeza. Na huyo ni Jabir, sahaba mwema, amekuja kwa haja ya halali! Ikiwa Jabir alitakiwa ajitaje, ukurasa mwekundu ulioingia sebuleni kwako bila kuitwa, ukajiita "usalama wa akaunti", una haki gani ya kujibiwa kabla haujajulikana ni wa nani?

Kumbe kumuuliza anayebisha yeye ni nani si utovu wa adabu. Ni sunna. Kioo kinapokuambia "thibitisha wewe ni nani", jawabu la Muislamu ni: wewe kwanza.

Najua kwa nini hilo ni zito kwetu. Sisi watu wa kaskazini tuna kidonda cha zamani. Wazee mlio hapa mnakumbuka kwamba sheria za hali ya hatari zilizowekwa katika lile eneo lililoitwa NFD, siku za vita vya Shifta, hazikuondolewa mpaka 1991. Mwishoni mwa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kupigwa msasa na kupewa vyeti vya kuonyesha kwamba ni raia. Vijana wa kaunti za mpakani waliendelea kusimamishwa mbele ya kamati kabla ya kupata kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais alipotangaza kwamba utaratibu huo ukome. Mtu aliyekua katika hali hiyo hujifunza kujithibitisha upesi, kuonyesha karatasi zote, na kutomuuliza anayemuuliza. Mzee alisimama barabarani na kitambulisho mkononi kabla hata hajaombwa. Leo mjukuu wake anaambiwa na kompyuta "thibitisha", na woga ule ule unaamka. Laghai aliye mbali hajui historia yetu, lakini anavuna matunda yake.

Basi tuuweke woga huo mahali pake. Serikali yako, benki yako na kampuni yako ya simu zina haki ya kukutambua pale wewe unapokwenda kwao. Anayekuja kwako yeye ndiye wa kutambuliwa.

Tukija kwenye Qur'ani, aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inawaamuru walioamini kwamba akiwajia mtu asiyeaminika na habari, waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba aya hii iliteremka kwa sababu ya al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq, akarudi njiani na kusema wamekataa kuitoa na walitaka kumuua. Habari ilikuwa ya kutisha, ya usalama, na ya kutaka hatua ya haraka. Na haikuwa kweli. Zingatieni kilichofanyika: Waislamu hawakuongozwa kulivamia kabila lile, wala hawakuongozwa kuipuuza habari kana kwamba haikusemwa. Waliongozwa kuchunguza.

Nalisisitiza hilo kwa sababu wapo wanaokosea upande wa pili. Mtu amesikia habari za walaghai mpaka amekataa kila onyo. Google inamwambia kweli kwamba kuna mtu ameingia katika akaunti yake kutoka mji asioujua, naye anaufuta ujumbe, anasema ni wale wale. Wiki inayofuata barua zake zinasomwa na mgeni. Maonyo ya kweli yapo. Si kila ukurasa unaodai uthibitisho ni wa mwizi. Usitii, na usipuuze, chunguza.

Mtauliza, tuchunguze vipi? Kwa njia nyepesi ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: usipite kwenye mlango aliokufungulia yeye. Usibofye kitufe chake, usipige nambari yake, usijibu barua yake. Funga ukurasa ule. Kisha fungua ukurasa mpya, andika kwa mkono wako anwani unayoijua ya benki, ya eCitizen au ya barua pepe, uingie kama unavyoingia siku zote. Kama onyo ni la kweli, utalikuta ndani, katika sehemu ya usalama ya akaunti yako, likiwa na tarehe, saa na kifaa kilichotumika. Kama hulikuti, basi yule hakutumwa na mwenyewe.

Jifunzeni pia kuisoma anwani iliyo juu ya ukurasa. Itazame mpaka mkwaju mmoja wa kwanza unaofuata jina. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye nyumba. Anwani inayoishia ecitizen.go.ke ni ya eCitizen, maana majina ya .go.ke yametengewa taasisi za serikali. Lakini ukikuta ecitizen.go.ke.thibitisha-sasa.com, mwenyewe ni huyo thibitisha-sasa.com, na yale ya mbele ameyatanguliza ili jicho lako likomee hapo. Wala picha ya kufuli pembeni ya anwani isikudanganye. Inaonyesha kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi na mtu wa tatu. Haionyeshi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu.

Kuna anayesema: lakini huyu alinitaja kwa jina langu kamili, akataja na nambari ya kitambulisho changu, basi lazima ametoka ofisini. Huyo namkumbusha kisa cha Abu Hurayra, Allah amridhie, kilichomo katika Bukhari. Aliwekwa na Mtume kulinda zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu akawa anachota chakula. Alipokamatwa alilia shida, akataja watoto na dhiki, akaachiwa. Usiku wa pili akarudi, akalia tena, akaachiwa tena. Usiku wa tatu alipobanwa alimfundisha Abu Hurayra kusoma Ayat al-Kursi anapokwenda kulala. Mtume alipoelezwa alisema kwamba mtu yule amesema kweli katika hilo ingawa ni mwongo, kisha akamjulisha Abu Hurayra kwamba huyo alikuwa shetani. Tuelewe: mwongo anaweza kubeba neno la kweli. Jina lako na nambari ya kitambulisho umeviandika katika daftari la mlinzi wa jengo, kwa wakala wa pesa, na katika fomu ngapi zilizonakiliwa. Kujua habari zako si ushahidi kwamba mtu ni mkweli. Ni ushahidi tu kwamba habari zako zimefika mbali.

Na msidhani hili ni la wasiosoma, au la watu wa mashambani. Tarehe 19 Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton kule Marekani, aliletewa barua pepe iliyovaa sura ya Google. Ilimwambia kwamba kuna mtu amepata nywila yake na kwamba aibadilishe mara moja, na kitufe cha kubadilishia kikawekwa hapo hapo. Ofisi yake ilifanya jambo zuri: iliuliza wataalamu wake wa kompyuta. Mtaalamu akajibu kwamba barua ni halali. Baadaye alisema alikusudia kuandika kinyume chake. Katika jibu hilo hilo aliweka anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia nywila. Lakini kilichobofywa ni kitufe cha barua ya mwizi. Barua za Podesta kwa maelfu ziliibwa, na WikiLeaks ilianza kuzichapisha tarehe 7 Oktoba mwaka huo. Julai 2018 Marekani iliwafungulia mashtaka maafisa 12 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kwa udukuzi wa uchaguzi ule. Watu wenye walinzi na wataalamu waliingia kwa mlango ule ule ambao mama wa Bulla Pesa anafunguliwa. Na mlango wa kweli ulikuwa mbele yao, umeandikwa, wakauacha.

Kwa nini wakauacha? Kwa sababu ya haraka. Sasa sikilizeni sifa aliyosifiwa Ashajj wa Abdul-Qays. Ujumbe wa kabila lake ulipofika Madina, riwaya zinaeleza kwamba wenzake walishuka mbio kumkimbilia Mtume, naye akabaki nyuma, akawashughulikia wanyama, akavaa nguo zake nzuri, ndipo akaja kwa utulivu. Mtume akamwambia, kama alivyopokea Muslim, kwamba ana tabia mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu: upole na kutokuwa na pupa. Kukimbilia kumwona Mtume ni haja bora kuliko zote, na bado aliyetulia ndiye aliyesifiwa! Itakuwaje kukimbilia kitufe cha mtu usiyemjua kwa sababu ameweka saa inayohesabu dakika tano? Hakuna benki inayomfilisi mteja kwa kuwa alikunywa chai kabla ya kujibu. Ile saa ni ya mwizi, anajihesabia yeye muda wa wewe kuzinduka.

Sasa ndugu zangu, niyataje machache kwa uwazi, muende nayo nyumbani.

Ukurasa ule mwekundu ukikataa kufungika, msipaparike. Shikilia kitufe cha Esc kwa muda, kisha ufunge. Ukikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi, chagua kivinjari na ukifunge. Ukikataa kabisa, zima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Ukiiwasha tena na ikakuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Na jueni kwamba Microsoft wenyewe wamesema ujumbe wao wa hitilafu hauweki nambari ya simu kamwe. Ukiona nambari, umemjua mwenyewe.

Kuna vijiujumbe vinavyochomoza pembeni ya kioo kila mara, vinasema kompyuta ina virusi, hata kama hujafungua ukurasa wowote. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba siku moja mtu wa nyumbani alibofya neno "Ruhusu" kwenye tovuti ya filamu au ya mpira. Ingieni kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, muiondoe tovuti hiyo. Vitakoma.

Kuna hila iliyoenea tangu 2024. Ukurasa unadai unataka kuhakikisha kwamba wewe ni binadamu, kisha unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifuata, umeiamuru kompyuta yako kwa mkono wako mwenyewe iendeshe amri waliyoinakili hapo bila wewe kuiona. Uthibitisho wa kweli hauhitaji hayo. Mwambieni kila mtoto nyumbani: ukiambiwa na ukurasa ubonyeze vitufe hivyo, toka.

Tarakimu za siri hazisomewi mtu. Si wa benki, si wa Safaricom, si shemeji, si ustadhi. Safaricom imewaambia wateja wake kwamba inawapigia kutoka 0722 000 000. Ujumbe wa ulaghai unautuma bure kwenda 333. Ukibonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na *100*100# inakinga laini yako isihamishwe na mtu mwingine. Haya ni mepesi, na yanafanyika hata kwa simu ya mulika mwizi.

Simu ikikuuliza kama ni wewe unayeingia katika akaunti, na wewe umekaa zako hujaingia kokote, jibu ni hapana. Ikiuliza mara kumi, jibu ni hapana mara kumi, kisha ubadilishe nywila, maana kuuliza huko kunaonyesha kwamba kuna mtu tayari anayo. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa kwa njia hiyo: mtu mmoja aliyeifanyia kazi kampuni hiyo alipelekewa maombi ya kuidhinisha tena na tena, mpaka akaidhinisha.

Na tumieni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kisha tarakimu za siri, kwenye barua pepe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa aliyeshika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine zote. Kompyuta nayo isasishwe. Zile za mtumba nyingi zina Windows 10, na Microsoft ilikoma rasmi kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeweza kuhamia mfumo mpya ahame.

Nina neno kwa vijana wetu wa saiba. Wazee wanakuja kwenu na bahasha ya karatasi, hawajui kusoma kilicho kwenye kioo. Mnawafungulia barua pepe, mnawawekea nywila, mnaziandika kwenye daftari lenu. Katika Surat an-Nisa Mwenyezi Mungu anatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe. Nywila ya mzee ni amana. Mwandikie kwenye karatasi umpe yeye, au mpe mtoto wake mbele yake, na usibaki nayo. Toka kwenye akaunti yake kabla hajainuka kwenye kiti. Ukifanya hivyo kwa ajili ya Allah, shilingi hamsini ulizolipwa zina baraka kuliko unavyodhani.

Na kama kuna kijana anayenisikia, awe hapa au popote, ambaye amevutwa na wenzake katika kazi hii ya kutuma jumbe na kupiga simu za uongo, namwambia kwa huruma. Sheria ya nchi ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 30, imeweka faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayemrubuni mtu atoe habari zake za siri kwa nia mbaya. Hiyo ni ya hapa duniani. Mtume alisimulia juu ya mufilisi wa kweli wa umma wake, kama alivyopokea Muslim: atakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, basi mema yake yatagawiwa waliodhulumiwa, na yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Wewe hujui pesa uliyoihamisha ilikuwa karo ya yatima, au akiba ya Hija ya ajuza. Mwenyezi Mungu aliyeiandika anajua. Tubu, na katika toba ya haki ya mtu ni lazima umrudishie mwenyewe mali yake.

Kwa aliyekwisha kuibiwa, nasema usijifiche. Aibu ndiyo inayompa mwizi usiku wa pili na wa tatu. Ipigie benki simu mara moja kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, ukaviondoe kwenye akaunti vifaa vyote usivyovijua. Piga ripoti polisi. Kisha mwambie jirani, ili lisimfike yeye. Nasi tunaosikia, tuzifunge ndimi zetu. Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Tukimcheka mama aliyedanganyika, kesho binti yake atanyamaza, na kunyamaza kwake kutagharimu nyumba nyingine mtaani.

Na ninyi akina baba, msiwape watoto kompyuta halafu mkawagombeza inapolia. Mtoto anayeogopa kugombezwa atabofya kitufe mwenyewe ili kelele ziishe. Leo usiku, baada ya isha, kaeni na watu wa nyumbani dakika chache. Waambieni maneno haya tu: ukurasa wowote ukikutisha, usibofye, usipige simu, niite. Hata nikiwa sokoni, hata nikiwa nimelala, niite. Mtoto anayejua kwamba ataitikiwa hatampigia mgeni.

Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Ni amri ya Qur'ani, ni adabu ya mlango wa Mtume, na ni haki yenu kama raia mliokwisha kuulizwa mengi. Anayekutaka ujithibitishe, mtake ajitaje kwanza. Asipojitaja, mlango ubaki umefungwa.

Ewe Mola wetu, tulinde na shari ya kila anayekuja kwa sura isiyo yake. Zilinde mali zetu za halali, siri za nyumba zetu na heshima za wazee wetu. Warudishie waliodhulumiwa haki zao, na waongoze waliopotea katika vijana wetu. Tupe utulivu pale tunapoharakishwa, na utujaalie tuwe wenye kuchunguza kabla ya kuamini. Amin. Nasema maneno yangu haya, nami ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu, yenu na ya Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.